Mwenye Nyumba Asiishi Kama Mpangaji: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa TEHAMA wa Vyuo Vyetu

Ndugu Wakurugenzi na Wakuu wa Vitengo vya TEHAMA,

Kila mwaka vyuo vinapotangaza majina ya waliochaguliwa kujiunga, kuna binti ameketi barazani na simu ya mama yake mkononi. Bando ni la siku moja. Anafungua tovuti ya chuo, kiduara kinazunguka, ukurasa hauji. Anabonyeza tena na tena, na kila anapobonyeza anaongeza ombi jingine kwenye foleni ambayo tayari imeishinda seva. Bando linakwisha kabla hajaliona jina lake. Ninawaandikia kwa ajili ya binti huyo.

Mimi ni msimamizi wa seva, na kazi yangu ndiyo kazi ya vijana wenu. Sitazungumzia bajeti wala kasi ya intaneti nchini, kwa sababu mengi katika hayo yako nje ya uwezo wenu. Nataka kuzungumzia jambo moja ambalo liko mikononi mwenu na halihitaji zabuni: mahali mlipoandika masharti ya seva yenu. Je, yameandikwa mara moja katika faili kuu la usanidi, au yametawanywa katika vifaili vya .htaccess ndani ya folda za tovuti? Ninyi mnaoimiliki seva, nawaomba myaandike katika faili kuu. Vifaili vya folda waachieni wapangaji, yaani wenye folda tu ndani ya seva ya mtu mwingine.

Chuo kimoja kiliniita usiku wa siku ya kwanza ya kutangaza majina. Mashine yao haikuwa dhaifu. Ilikuwa inaendesha programu ya seva ya Apache, na mafaili ya tovuti yalikaa kwenye hifadhi ya pamoja, yaani mashine nyingine iliyounganishwa nayo kwa mtandao wa ndani. Dokezo la kuomba fedha za kununua seva kubwa zaidi lilikuwa limekwisha kuandikwa, linasubiri saini. Niliomba tuitazame kwanza seva ikiwa kazini. Tukawasha strace, programu inayoonyesha kila kitu ambacho seva inakiomba kwa mfumo endeshi, tukafuatilia ombi moja tu, la mtu anayetaka kupakua orodha ya majina. Kabla ya kuligusa faili lenyewe, seva ilipita hapa:

/.htaccess
/mnt/.htaccess
/mnt/tovuti/.htaccess
/mnt/tovuti/chuo/.htaccess
/mnt/tovuti/chuo/html/.htaccess
/mnt/tovuti/chuo/html/udahili/.htaccess
/mnt/tovuti/chuo/html/udahili/2024/.htaccess

Mbele ya mistari sita kati ya hiyo saba kulikuwa na jibu moja: ENOENT, yaani faili halipo. Ni folda ya html peke yake iliyokuwa nalo. Kijana wa zamu akaniuliza, "Kaka, inatafuta nini huko kote?" Nikamwambia inatafuta masharti ambayo hakuna mtu aliyeyaandika.

Chanzo chake kilikuwa neno moja. Katika faili kuu, chini ya sehemu inayohusu mzizi wa mfumo mzima wa mafaili, kulikuwa na mstari unaosema AllowOverride All. Maana yake kwa Apache ni kwamba folda yoyote yaweza kuwa na masharti yake na seva sharti iyatii. Nayo hutii. Haiwezi kujua kama folda ina masharti bila kuchungulia, na haiwezi kuamini ilichokiona dakika moja iliyopita, kwa kuwa mtu anaweza kuwa amekibadilisha sasa hivi. Kwa hiyo hupiga hodi katika kila chumba, kuanzia getini hadi chumba cha mwisho, kwa kila ombi, hata vyumba vyote vikiwa vitupu.

Fanyeni hesabu nami. Ukurasa wa udahili una nembo, picha, mafaili ya mitindo na vijiprogramu vya kivinjari. Tuseme yote pamoja ni mafaili 40, kila moja likiwa kwenye kina hicho cha folda saba. Kuufungua ukurasa huo mara moja ni kupiga hodi mara 280. Waombaji 1,000 wakiufungua kwa wakati mmoja, hodi zinafika 280,000, na hapo hakuna hata jina moja lililosomwa. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni cha kazi isiyo na faida kwa yeyote.

Hodi moja kwenye diski iliyo ndani ya seva yenyewe ni kitu kidogo sana. Mfumo endeshi huyaweka majibu katika kumbukumbu, pamoja na jibu la "halipo", na huyatoa upesi. Tovuti ndogo yenye wageni wachache haitahisi tofauti yoyote, na mtu akiwaambia kwamba kufuta .htaccess kutaigeuza tovuti yoyote kuwa umeme, msimwamini. Lakini katika chuo kile, folda tano kati ya saba zilikuwa upande wa pili wa waya. Majibu ya hifadhi ya mtandao hukumbukwa kwa sekunde chache, kisha sharti yahakikishwe upya. Na lile faili moja lililokuwepo, kwa kawaida kila likifunguliwa, seva huuliza kwanza mashine ya pili: je, limebadilika? Ikiombwa picha ya nembo inauliza, likiombwa faili la mitindo inauliza, ikiombwa orodha ya majina inauliza, na maswali yote yanapita katika waya uleule unaobeba mafaili yenyewe.

Gharama ya pili hukaa ndani ya faili lenyewe, na mara nyingi ndiyo kubwa zaidi. Tulipofungua .htaccess ya chuo kile tulikuta kanuni nyingi za kuelekeza anwani za zamani kwenda anwani mpya. Wasimamizi wa tovuti walipokezana kwa miaka, kila mmoja akaongeza zake, na hakuna aliyethubutu kufuta za mwenzake. Kila kanuni ina ruwaza ya maandishi, na seva haiwezi kuitumia kabla ya kuichambua na kuiandaa. Kanuni hiyo ikiwa katika faili kuu, Apache huiandaa mara moja tu inapowashwa, kisha huitumia kwa maombi yote yatakayofuata. Ikiwa katika .htaccess, huandaliwa upya kwa kila ombi na kutupwa ombi linapokwisha. Hata picha ya nembo, ambayo haihusiani na anwani yoyote ya zamani, ililazimika kungoja kanuni zote hizo ziandaliwe.

Kisha kuna suala la wakati ambapo kanuni hizo hufanya kazi. Zikiwa katika faili kuu la tovuti, hufanya kazi mwanzoni, kabla seva haijaamua ombi linataka faili gani. Zikiwa katika folda, hufanya kazi baadaye, seva ikiwa imekwisha kuigeuza anwani kuwa njia ya faili. Sharti igeuze kurudi nyuma, itengeneze anwani mpya, halafu ianze safari tena kutoka mwanzo. Ninyi mnaijua masjala. Barua imeshasajiliwa, imepelekwa hadi meza ya afisa, ndipo mezani inakutwa karatasi isemayo kwamba barua za namna hii ni za ofisi ya jirani, irudishwe masjala isajiliwe upya. Karatasi hiyo ingebandikwa masjala kwenyewe, barua isingepanda ngazi bure.

Sasa mtauliza, na mna haki ya kuuliza, kama kitu hiki kina gharama hizi, kwa nini kiliwekwa? Kiliwekwa kwa sababu njema, na mahali penyewe palikuwa chuo. Apache ilizaliwa mwaka 1995 kutokana na seva iliyoandikwa na Rob McCool katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, na jina la .htaccess limetoka kwenye seva hiyo ya mwanzo. Katika mazingira ya namna ile, mashine moja ilikaliwa na watu wengi, mhadhiri na kurasa zake, mwanafunzi na zake, mradi wa utafiti na zake. Mhadhiri akitaka kuweka neno la siri kwenye folda ya mitihani, asingeweza kupewa funguo za seva nzima. Akapewa uwezo wa kuandika masharti ya folda yake tu, na yakaanza kufanya kazi papo hapo bila kumsumbua mtu wala kuizima seva.

Huo ndio mkataba wa mpangaji, na bado ni mkataba mzuri. Kampuni zinazokodisha nafasi kwa mamia ya tovuti katika mashine moja haziwezi kuishi bila huo. WordPress, programu ya kujengea tovuti, huandika kanuni zake za anwani katika .htaccess kwa sababu haiwezi kujua kama aliyeiweka ni mpangaji au mwenye nyumba, hivyo huchagua njia inayowafaa wote wawili. Kama ofisi yenu inalipia nafasi kwa mwezi na haina funguo za seva, barua hii haiwalaumu. Tumieni .htaccess kwa moyo mkunjufu, ila iwe fupi, na muipitie kila mwaka.

Lakini wengi wenu si wapangaji. Mnamiliki seva, mna neno la siri la msimamizi mkuu, mna vijana wanaoweza kuliandika faili kuu na kuiwasha seva upya. Mwenye nyumba akitaka kuhamisha taa, haandiki kikaratasi mlangoni ili kila anayeingia akisome kwanza. Anaihamisha taa. Maelezo rasmi ya Apache yanasema vivyo hivyo: kila kinachoweza kuandikwa katika .htaccess chaweza kuandikwa katika sehemu ya Directory ya faili kuu, na huko ndiko pazuri zaidi kwa mwenye uwezo wa kulifikia. Tangu toleo la 2.3.9, watengenezaji wenyewe waliibadilisha hali ya kawaida ya AllowOverride kutoka All kuwa None. Na nginx, seva iliyotolewa kwa umma mwaka 2004 na Mrusi Igor Sysoev kwa lengo la kuhudumia maelfu ya wageni kwa pamoja, haina kabisa kitu cha namna hii. Masharti yote husomwa inapowashwa au inapoambiwa iyasome upya.

Upande wa usalama nao unanitia wasiwasi kama kasi, pengine zaidi. Folda ambayo waombaji wanapakia picha za pasipoti ikiwa inaruhusiwa kuwa na masharti yake, na fomu ya kupakia ikiwa haikaguliwi vizuri, mtu mbaya anaweza kupakia kifaili chake cha .htaccess. Humo ataandika kwamba kinachoonekana kuwa picha kiendeshwe kama programu. Tangu hapo seva si yenu tena.

Kuna hatari ya upande wa pili pia, na hii ndiyo inayonifanya nisiwaambie mzime .htaccess leo usiku. Mwaka 2018, Larry Cashdollar, mtafiti wa usalama wa kampuni ya Akamai, alifichua udhaifu katika programu-jalizi maarufu ya kupakia mafaili iitwayo jQuery File Upload. Watengenezaji wake walikuwa wametegemea .htaccess kuzuia mafaili yaliyopakiwa yasiendeshwe. Apache ilipoacha kuvisoma vifaili hivyo kwa hali ya kawaida, ulinzi ule ukaacha kufanya kazi kimyakimya. Hakuna kengele iliyolia. Kifaili kilikuwepo, kila mtu alikiona, ila seva haikukisoma tena. Hali ilikaa hivyo miaka kadhaa, na msimbo ule ulikuwa umenakiliwa katika maelfu ya miradi mingine.

Kwa hiyo ninayowaomba yana mpangilio, na mpangilio huo uzingatiwe.

Kwanza, pimeni. Chagueni siku ya kawaida, mwone ukurasa wenu unatumia muda gani na muda huo unakwenda wapi. Ikiwa muda huo wote unaliwa na hifadhidata, anzeni na hifadhidata, na barua hii isubiri. Katika chuo nilichokisimulia tuliyakuta matatizo yote mawili. Usiku ule tulihamisha masharti, na foleni ya maombi ikaanza kupungua tukiitazama. Maswali mazito ya hifadhidata tuliyarekebisha wiki iliyofuata, nayo yalihitajika vilevile.

Pili, tafuteni kila .htaccess iliyomo katika seva, muisome mstari kwa mstari pamoja na mwenye tovuti. Mistari mingine itakuwa imekufa zamani. Mingine inalinda kitu, mathalani folda ya nyaraka za mitihani au ya nakala za hifadhidata. Hamisheni iliyo hai katika sehemu za Directory za faili kuu, muijaribu hapo, muhakikishe folda iliyofungwa bado imefungwa. Baada ya hapo ndipo mwandike AllowOverride None kwenye mzizi. Mkianza na None mkamalizia na kuhamisha, kwa saa kadhaa mtakuwa mmeacha wazi vitu mlivyodhani vimefungwa. Na kumbukeni kwamba kanuni za anwani zikihamia moja kwa moja kwenye sehemu ya tovuti nzima, ruwaza zake huhitaji kuanza na mkwaju (/), tofauti na zilivyoandikwa katika folda. Wengi hukwama hapo wakafikiri kazi nzima imeshindikana.

Tatu, kama kuna mpangaji wa kweli ndani ya nyumba yenu, mfano jarida la idara lenye mhariri wake au chama cha wanafunzi, mfungulieni folda yake peke yake na kwa kiasi chake. Apache hailazimishi yote au hakuna. Mnaweza kumruhusu aweke neno la siri lakini asiguse aina za mafaili, au kumwekea orodha ya amri chache zilizokubaliwa. Hapo seva itapiga hodi katika folda hiyo na zilizo chini yake, na kwingine itapita moja kwa moja.

Nne, na hili ndilo gumu, jengeni imani ya watu wanaowategemea. Nimeona vitengo vikifunga .htaccess vizuri, kisha mhariri wa tovuti akiomba kuelekezwa kwa anwani moja anajibiwa aandike barua, ipitie kwa mkuu wa idara, arudi baada ya wiki mbili. Mhariri huyo ataitafuta njia ya panya, na atakuwa na sababu. Uzuri mkubwa wa .htaccess ni kwamba hujibu papo hapo. Mkiuondoa uzuri huo, mna deni la kuulipa kwa huduma: ombi la asubuhi lijibiwe kabla ya jioni. Faili kuu likiwa katika git, mfumo unaotunza historia ya mabadiliko, mhariri anaweza kupendekeza badiliko mwenyewe, kijana wa zamu akalisoma na kulikubali, na kila mtu akajua nani alibadilisha nini na lini.

Najua hofu iliyobaki. Mnasema kosa katika .htaccess huangusha folda moja, lakini kosa katika faili kuu laweza kuangusha tovuti zote za chuo. Hofu hiyo ni ya haki, na tiba yake ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Amri ya apachectl configtest hulisoma faili lote na kuonyesha mstari wenye kosa la kimaandishi kabla halijagusa kitu. Amri ya apachectl graceful hukagua hivyohivyo kwanza. Ikikuta kosa hukataa, na seva ikaendelea na masharti ya zamani. Faili likiwa salama, wageni waliokwisha kuingia humalizwa kuhudumiwa, wapya wakahudumiwa kwa masharti mapya. Kosa la .htaccess halina mkaguzi wa namna hiyo: huanza kufanya kazi sekunde unapolihifadhi, na anayeligundua ni mgeni aliyekutana na ukurasa wa kosa namba 500.

Ndugu zangu, sisemi fedha za mashine mpya zisiombwe kamwe. Nasema dokezo hilo lisisainiwe kabla ya kujua mashine iliyopo inatumia nguvu zake kufanya nini. Kila chuo chetu kinatumia fedha za umma au za wazazi, na mwombaji anayesubiri jina lake naye amelipia bando.

Kesho asubuhi, kabla ya kikao cha kwanza, mwombeni kijana wa zamu alifungue faili kuu mbele yenu na atafute neno AllowOverride. Mkilikuta limeandikwa All kwenye mzizi, muulizeni: mlango huu tumemwachia mpangaji gani? Akimtaja, mpeni mpangaji huyo chumba chake. Asipomtaja, hamisheni masharti, mhakikishe yanashika, kisha mfunge kabla msimu wa majina haujaanza.

Wenu katika kazi,
Msimamizi wa seva